Malta kwa siku chache, na kwa nini tulilala Gozo

Mimi na Baba Nuru tunaishi Ujerumani na sote tunafanya shifti, mimi nyumba ya wazee, yeye stoo ya mizigo, na mwaka huu ulivyokwenda ni kupishana mlangoni tu, yeye anavua viatu mimi navaa vyangu, mazungumzo yetu yote ni mtoto amekula nini na takataka nani atoe. So likizo ya Oktoba ilipokubaliwa kotekote kwa wakati mmoja nikamwambia mimi sitaki mji mkubwa wa kuzunguka madukani, nataka kisiwa, kidogo, chenye maji ya kuoga na mahali pa kukaa tuongee mpaka maneno yatuishie. Nuru akaenda kwa shangazi yake, sisi tukakata tiketi za Malta.

Nianze na lile ninalotaka kusema zaidi, manake najua wengi wanasoma juu juu wakitafuta ushauri: kama mnakwenda Malta kwa muda mfupi, laleni Gozo. Wageni wengi wanafikia Sliema au St Julian's kule kwenye mahoteli, halafu Gozo wanaiwekea siku moja, wanavuka asubuhi wanarudi jioni, kwa hiyo Gozo wanayoiona wao ni ya jua kali na foleni. Feri za jioni zikishawabeba wale watu kisiwa kinabaki na wenyewe, na hapo ndo raha yake inapoanza. Ukitaka kumuona mke wako au mume wako vizuri ni saa hizo, si mchana mkiwa mmeshika ramani.

Kwa asiyejua, Malta ni visiwa. Vinavyokaliwa hasa ni viwili, Malta yenyewe na Gozo, na katikati kuna kijisiwa kinaitwa Comino. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316, yaani Unguja peke yake ni karibu mara tano ya hapo, lakini watu wake wamepita nusu milioni, so huku Malta kubwa mji mmoja umegusana na mwengine na huoni umetoka wapi umeingia wapi. Wako ndani ya Schengen tangu 2007 na wanatumia euro tangu 2008, kwa hiyo sisi wenye kadi za ukaazi za Ujerumani tulipanda ndege na pasipoti zetu na kadi zetu basi, hakuna viza nyengine. Anayetoka Nairobi au Dar atahitaji viza ya Schengen kama kawaida. Kingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta, kila mtu anakijua, na magari yanapita kushoto kama kwetu, manake Muingereza alikaa pale tangu 1800. Uhuru wao ni tarehe 21 Septemba 1964, hata mwaka haujatimia tangu wetu wa Kenya. Soketi za ukutani ni zile zile za matundu matatu, ile chaja niliyotoka nayo Mombasa ndo iliyotusaidia, za Ujerumani zote haziingii.

Usiku wa kuingia tulilala Valletta, mji mkuu wao. Tuliamka alfajiri kuswali na badala ya kurudi kitandani tukatoka hivyo hivyo, na namshukuru Mungu tulitoka, kwa sababu Valletta ya saa kumi na mbili na ile ya saa tano asubuhi ni miji miwili. Barabara zimenyooka kabisa zinapanda na kushuka, nyengine ni ngazi tupu, na ukisimama katikati unaona bahari mwisho wa huku na mwisho wa kule. Mawe yote ni ya rangi moja, njano ya asali, na juu ya vichwa roshani za mbao zilizofungwa zimepakwa kijani, nyekundu, buluu. Baba Nuru akasimama akaangalia juu muda mrefu akasema, "Mama Nuru, hizi si kama za Mji wa Kale?" Na kweli, mtu aliyekulia Mombasa karibu na Ndia Kuu hawezi kupita chini ya zile roshani asiinue macho.

Mji wenyewe umejengwa kwa sababu ya vita. Mwaka 1565 Waosmani, yaani Waturuki, walikizingira kisiwa tangu Mei mpaka Septemba wakakikosa, na mwaka uliofuata, Machi 28, 1566, mkubwa wa wale mashujaa wa Mtakatifu Yohana, chama cha wapiganaji wa Kikristo waliokuwa wanatawala kisiwa, Jean de Valette, akaweka jiwe la msingi la mji mpya wenye ngome kila upande. Aliyeuchora ni Mtaliana Francesco Laparelli. Nilipolisoma hilo nikakumbuka Fort Jesus yetu, nayo ilianza kujengwa 1593 na aliyeichora ni Mtaliana pia, Giovanni Battista Cairati, kwa kazi ya Wareno. Ni zama zile zile na elimu ile ile ya kuta nene zenye pembe za kukwepesha mizinga, na ukisimama kwenye bustani ya Upper Barrakka ukaiangalia bandari kuu chini unaona wazi nini walikuwa wanaogopa. Hapo hapo wanapiga mzinga kila siku saa sita mchana na saa kumi. Sisi tulikuwa peke yetu na mzee mmoja anayelisha paka.

Baadaye tuliingia kanisa kuu la Mtakatifu Yohana. Baba Nuru alisita kidogo, nikamwambia tunaingia kuangalia kazi ya mikono ya watu. Nje ni ukuta tu hauna mambo, ndani ni dhahabu kila pahali, na sakafu yote ni makaburi ya wale mashujaa, kama 400, kila moja limefunikwa marumaru za rangi zilizochorwa mafuvu na ngao. Visigino vyembamba haviruhusiwi vitaichimba, na mabega yafunikwe. Lakini kitu cha kukikalia ni kile kwenye chumba cha pembeni, picha ya mchoraji Mtaliana Caravaggio ya 1608 ya kukatwa kichwa Nabii Yahya, ndiye Yohana Mbatizaji. Ni kubwa, upana unapita mita tano, na nusu nzima ya picha ni ukuta mtupu wenye giza, watu wote wamebanwa upande mmoja chini, na damu inayotoka shingoni ndo ameandikia jina lake. Ndo picha pekee aliyoitia saini. Mwenyewe alikuwa amekimbia kesi ya mauaji Roma, wakampokea Malta, wakamfanya shujaa mwenzao mwezi wa Julai, kisha akagombana akafungwa, Oktoba akatoroka gerezani, na tarehe mosi Disemba wakakutana wakamfukuza kwenye chama chao akiwa hayupo, na mkutano wenyewe ulifanyika kwenye chumba hicho hicho mbele ya picha yake. Tulikaa pale kwenye benchi hatuongei. Ukiweza ingia mapema mlango unapofunguliwa tu, vikundi vikija hupati hata nafasi ya kusimama.

Mchana Baba Nuru alitaka kunyoa, na kinyozi wa Kiafrika anajulikana yuko wapi kila nchi, ukiuliza tu unapelekwa. Tukaenda Ħamrun, si mbali na Valletta. Kijana alikuwa ananyoa kimya, tulipoanza kuongea wenyewe akazima mashine akageuka, "Nyinyi ni wa wapi?" Kumbe Msomali, amekulia Eastleigh, Kiswahili chake cha Nairobi safi. Alipitia Sudan, Libya, akakaa Libya miezi ambayo hakutaka kuieleza, akapanda boti ya mpira na watu wengi, injini ikafa, wakaokolewa, akafungiwa kambini kabla ya kupata karatasi. Alisema tangu siku ile hajaingia baharini hata kuosha miguu, na anaishi kisiwani ambako popote ukigeuka ni maji. Alikataa pesa za kunyoa, Baba Nuru akamwachia kwenye droo. Bahari tuliyolipia nauli kuja kuoga ndo hiyo hiyo, na mimi siwezi kuandika uzuri wa Malta nikamwacha yule kijana nje ya habari. Waafrika ni wengi pale, wako kwenye ujenzi, kwenye kuzoa taka, jikoni za mahoteli, na ukipita Marsa asubuhi unawaona wamesimama barabarani wanangoja mtu awachukue kibarua. Wasalimieni mkipita.

Jioni ile kabla ya kuhamia Gozo tukaenda Mdina, mji mkuu wa zamani kabla ya Valletta, umezungushwa ukuta na wanaokaa ndani ni mia mbili na kitu tu. Nendeni mabasi ya watalii yakishaondoka. Hakuna la kufanya pale ila kutembea mkono kwa mkono, njia zimepinda makusudi, taa chache, na ukutani mwisho unaona kisiwa chote mpaka baharini. Inatosha.

Kwenda Gozo kuna njia mbili. Kuna feri kubwa ya magari kutoka Ċirkewwa, ncha ya kaskazini, inachukua kama dakika 25, na nauli unalipa ukirudi tu, kwenda hulipi. Na kuna boti ya haraka inayotoka Valletta yenyewe, kama dakika 45. Sisi na mabegi tulichukua ya Valletta. Njiani unapita ubavuni mwa Comino, pale penye ile Blue Lagoon ya kwenye mapicha, maji yake kweli ni ya rangi isiyo na jina, lakini hatukuteremka. Kwa muda tuliokuwa nao sikutaka kuumalizia kwenye kugombania mwamba wa kutandika taulo.

Tulipanga kijifleti Xagħra, mji mdogo juu ya kilima. Mama mwenye nyumba ni mtu mzima wa miaka sabini na kitu, alitupokea mlangoni akanishika mashavu, akauliza mtoto tumemwacha na nani, akaingia kwake akarudi na sahani ya gbejniet, jibini ndogo za mviringo za maziwa ya kondoo na mbuzi, nyengine mbichi laini, nyengine zimekaushwa zikapakwa pilipili manga. Akatuonyesha na mkate wao unavyoliwa. Unakata nyanya nusu unaisugua juu ya mkate mpaka mkate uwe mwekundu, unamimina mafuta ya zeituni, kisha kepa, vile vitumba vya maua vilivyotiwa chumvi, zeituni zenyewe, tuna kidogo. Kile ndo kilikuwa chakula chetu kila asubuhi na siku nyengine usiku pia. Maji ya bomba yana chumvi kwa mbali, kisiwa hakina mto wala ziwa na sehemu kubwa ya maji ya kunywa wanayatoa baharini kwa mitambo ya kuchuja chumvi. Chai yake mimi sikuiona mbaya, tuliokunywa maji ya visima vya Mombasa tumeshaizoea ladha ile, lakini ukitaka chai ya maziwa nunua maji ya chupa.

Na kwa Waislamu wenzangu, pastizzi zile zinazouzwa kila kona, za jibini au za njegere, uliza kwanza unga umekandwa na mafuta gani, wako wanaotia ya nguruwe kama zamani na wako wanaotumia majarini. Samaki wamejaa, na maduka ya kebab halali Malta kubwa hayakosi. Msikiti mkubwa uko Paola, jiwe lake la msingi aliliweka Gaddafi mwaka 1978.

Kutoka fleti yetu kwa miguu unafika Ġgantija, mahekalu mawili ya mawe yaliyojengwa kama miaka 3600 kabla ya Nabii Isa, yaani mapiramidi ya Misri hayajafikiriwa bado. Kuna mawe yanapita mita tano, na watu waliyasimamisha hawana chuma wala gurudumu la mkokoteni tunalolijua sisi. Wenyewe Gozo wanasema aliyajenga mwanamke jitu anaitwa Sansuna, anakula maharage makubwa na kubeba mawe huku mtoto yuko begani. Mama mwenye nyumba alinihadithia hiyo akiwa anamenya maharage hayo hayo, na mimi naipenda zaidi kuliko vibao vyote vya makumbusho, kwa sababu wanawake ninaofanya nao kazi ni wa namna ile.

Lakini kitu kilichonishika Gozo kuliko vyote kiko Victoria, mji mkuu wa Gozo, ndani ya Ċittadella, ngome ya juu kileleni. Ngome ile ina historia nzito, mwaka 1551 Turgut Reis na meli za Waosmani walikuja wakabeba karibu watu wote wa kisiwa, kama elfu tano, wakaenda kuuzwa utumwani, na baada ya hapo kwa miaka mingi mpaka 1637 sheria ilitaka watu wa Gozo walale ndani ya ngome kila usiku. Sisi wa pwani habari za watu kubebwa kwa meli hatuzisikii kama za mbali. Ndani ya ngome kuna makumbusho madogo, na kwenye chumba kimoja kuna jiwe la kaburi la mwanamke wa Kiislamu anaitwa Maymuna.

Ni bapa la marumaru, limeandikwa Kiarabu cha Kufi, herufi zimesimama wima zimekatwa safi, na nyuma yake kuna mapambo ya Kirumi, manake jiwe lilitolewa kwenye jengo la zamani likatumika tena. Linaanza na Bismillah. Alifariki mwezi 16 Shaabani mwaka 569 wa Hijria, yaani Machi 1174. Wanorman, Wakristo kutoka Ulaya, walikuwa wameshaiteka Malta tangu 1091 lakini Waislamu walikuwa bado wapo, wanaishi, wanafunga, wanazika wakubwa wao kwa marumaru. Na maneno yaliyo juu yake si ya kawaida, anamsemesha anayepita, anamwambia angalia kwa macho yako, kuna kitu gani duniani kinachozuia mauti, kifo kimenitoa kwenye kasri na milango na makomeo hayakunifaa, nawe unayelitazama kaburi hili jua mimi nimeshachakaa ndani yake na vumbi limekaa kwenye kope zangu.

Mimi nikakumbuka Kizimkazi. Tulipelekwa na shule enzi hizo, tukaonyeshwa kwenye mihrabu ya ule msikiti maandishi ya Kufi ya mwaka 500 Hijria, 1107 kwa hesabu ya Kizungu, na mwalimu akatuambia tusiguse. Ile ya Unguja na hii ya Gozo zimepishana miaka sitini na kitu tu, mafundi wa visiwa viwili ambavyo havikujuana wamekata herufi za namna moja, majina ya watu wao yakabaki. Baba Nuru alisoma Fatiha kwa Maymuna, mimi nikaitikia, na mlinzi wa pale, mama mmoja Mkristo na msalaba wake shingoni, akasimama kimya mpaka tukamaliza. Sijui ni wangapi wanapita pale wakamuombea. Ukienda Gozo hata kama huna muda wa kitu chengine chochote, nenda kwa Maymuna.

Dwejra tulikwenda, ile Azure Window, tao la mwamba la kwenye mapicha, haipo tena, ilianguka na dhoruba tarehe 8 Machi 2017, lakini kuna ziwa dogo la maji ya bahari na boti zinakupitisha kwenye pango la mwamba mpaka nje baharini, ni dakika chache na ni raha. Xwejni wamechonga mabwawa ya chumvi kwenye mwamba, mamia, yamepangana miraba miraba, familia zile zile zinavuna miaka na miaka. Anayeyajua mashamba ya chumvi ya Gongoni ataielewa kazi ile kwa kuiangalia mara moja. Kuoga tulioga Ramla, mchanga wake mwekundu kweli kweli, na Oktoba maji bado yana joto. Niliingia na nguo zangu za kujisitiri na hakuna aliyeniangalia mara mbili.

Sasa jioni. Ikifika saa kumi na mbili uwanja wa Xagħra mbele ya kanisa unajaa wenyewe, wazee kwenye mabenchi, watoto na mpira, wanawake wanapiga soga huku wamebeba mifuko ya sokoni, na mgahawa mmoja unatoa viti nje. Tulikuwa tunakaa pale kila jioni mpaka wanafunga. Usiku mmoja Baba Nuru alinyamaza sana nikajua kuna kitu, nikamuacha, halafu akasema, "Mama Nuru, mimi kila nikikuona umelala. Nikirudi umelala, nikitoka umelala. Sijakuoa nije nikuangalie umelala." Mimi machozi yakanitoka pale pale uwanjani. Tukaongea yote, habari ya yeye kuomba atolewe shifti ya usiku hata kama mshahara utapungua, habari ya mimi kupunguza wikendi, habari ya baba yake aliye Vanga na goti lake, na kama tupate mtoto wa pili au tungoje. Mazungumzo yale tusingeweza kuyafanya jikoni kwetu saa kumi na moja alfajiri, na tusingeyafanya Sliema kwenye makelele ya baa. Alishapeleka barua ya kuomba zamu ya mchana, ameahidiwa kuanzia Januari inshallah.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumapili na tuliipanga hivyo kwa ajili ya soko la samaki la Marsaxlokk, kusini, karibu na uwanja wa ndege, so unatembea asubuhi unakula mchana unapanda ndege jioni. Tulivuka na boti ya mapema. Kumbuka mabasi ya Jumapili yanajaa na likishajaa halisimami, ungojee jengine, kwa hiyo mkiwa na ndege msiende kwa kubahatisha. Bandari imejaa zile boti zao zinaitwa luzzu, njano, buluu, nyekundu, kijani, na mbele kila moja ina macho mawili yamechongwa yakapakwa rangi ili iione njia na izuie husuda. Majahazi ya Lamu pia yalikuwa yanachongwa macho mbele, Baba Nuru alinionyesha picha ya babu yake amesimama mbele ya moja.

Baba Nuru ni mtoto wa mvuvi. Pale sokoni alikuwa mtu mwengine kabisa, anainama kwenye kila meza, anafungua mashavu ya samaki kuangalia damu, anabonyeza. Kufika meza moja akapiga kelele, "Faulusi!" Muuzaji akashtuka. Wao wanamwita lampuka, wakiwa wengi lampuki, na kuanzia Agosti mpaka Disemba ndo msimu wake, nchi nzima wanakula huyo, wa kukaanga, wa kutia kwenye pai na mboga na zeituni. Alikuwa mpya, ile dhahabu yake na kijani bado havijazimika ubavuni. Muuzaji kuona tunamjua samaki wake akaacha wateja akatueleza wanavyomvua. Wanafunga makuti ya mtende chini ya maboya wanayatandaza baharini mbali huko kwa mistari mirefu, kila moja limetiwa nanga kwa bapa la jiwe, samaki anapenda kivuli anakuja kukaa chini, wao wanakuja na wavu wanamzungushia.

Baba Nuru hapo hapo akampigia baba yake video kol. Mzee kule Vanga amekaa barazani, akaonyeshwa samaki, akaonyeshwa macho ya boti, akasema mashallah, lakini alilotaka ni habari ya makuti.

"Yanakaa siku ngapi majini kabla hayajaoza?"

Muuzaji akajibu, Baba Nuru akatafsiri.

"Na kina gani?"

Akajibiwa. Mzee akanyamaza akihesabu. "Hayo yao ya mtende ni membamba. Ya mnazi yatatoa kivuli zaidi."

Tulimla yule faulusi kwenye mgahawa wa pale pale bandarini, amechomwa, juu nyanya na kepa na kitunguu saumu, na simu imesimamishwa kwenye glasi ya maji mzee anatuangalia tunavyokula na bado anauliza. Jana shemeji yangu kapiga kutoka Vanga, mzee kashawatuma vijana wakate makuti na watafute maboya, wanangoja kaskazi ishike watoke nayo nje. Kinachomsumbua ni fundo, ile kamba inavyopitishwa kwenye jiwe isikatike na mkondo. Mimi nilipiga picha boti na samaki tu, so kama kuna mtu anayeishi kule karibu na Marsaxlokk, akipita bandarini anipigie picha ya lile jiwe na kamba yake, kwa karibu, pande zote mbili, nimpelekee mzee.